Ghasia Zikiingia Mjini: Mwongozo kwa Askari, Viongozi wa Mitaa na Watu wa Kazi wa Moshi

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu ni wa wale ambao kazi yao iko barabarani siku ghasia zinapotokea: askari wa doria na polisi kata, mwenyekiti wa mtaa, mlinzi wa duka, muuza mitumba wa soko la Memorial, mama wa ndizi aliyeshuka alfajiri kutoka Kibosho, wakala wa fedha za simu, dereva wa bodaboda, kondakta wa Hiace ya Marangu. Hausemi nani ana haki katika mgogoro wowote wa siasa. Unaeleza nini kifanyike kabla ya vurugu, wakati wa vurugu na baada yake, ili mji usizike watu wake na wafanyabiashara wasifilisike.

Kanuni inayoubeba ni moja: tenganisha. Mwenye dai atenganishwe na mporaji, mporaji na mpita njia, ushahidi na uvumi, mali na uhai. Makosa mengi makubwa katika kutuliza ghasia yametokana na kuuona umati mzima kama mtu mmoja.

2. Tuliyokwisha kuyaona

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano yaligeuka ghasia Dar es Salaam na katika miji mingine kadhaa ya Tanzania. Vituo vya mafuta na vya mwendokasi vilichomwa, vituo vya polisi na ofisi za serikali vikashambuliwa. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu wengi walipoteza maisha. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema inaaminika waliokufa ni mamia. Novemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Kilimanjaro nayo ina historia yake. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa, wakiwa na hasira ya bei ndogo na ya kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chama cha ushirika cha KNCU pekee, walivamia maghala ya chama hicho katika baadhi ya maeneo ya Uchagga. Chama kilikuwa kimeundwa mwaka 1933 kwa ajili yao, lakini machoni pa wengi kilikwisha kuwa mkono wa serikali ya kikoloni. Serikali ilipeleka polisi. Polisi wanaweza kulinda ghala. Swali la bei ya kahawa halijibiwi na polisi. Jambo kama hilo lilijirudia Mtwara Mei 2013, watu walipotaka kujua watanufaikaje na gesi inayopelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Majengo yalichomwa na jeshi likapelekwa.

Februari 2018, polisi wakitawanya wafuasi wa Chadema Kinondoni, risasi ilimuua binti aliyekuwa ndani ya daladala, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Hakuwa mwandamanaji. Alizikwa kwao Rombo, na wazee wa huko wanajua kwamba risasi inayopigwa Dar es Salaam inaweza kuleta msiba mpaka mlimani. Nairobi, Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa akiwa katikati ya biashara yake. Siku chache baadaye, tarehe 25, maduka ya katikati ya jiji yaliporwa na wafanyabiashara ambao hawakuwa upande wowote wakapoteza mitaji.

London nayo ina funzo. Agosti 2011, baada ya polisi kumuua Mark Duggan kwa risasi, ndugu na majirani walikwenda kituo cha polisi cha Tottenham kuomba maelezo. Walisubiri kwa saa kadhaa pasipo ofisa wa ngazi ya juu wa kuzungumza nao. Usiku huo fujo zikaanza, na baadaye zikaenea hadi miji mingine ya Uingereza. Jibu la ofisa mmoja lingekuwa na gharama ndogo kuliko maduka yaliyoungua.

3. Sheria inavyotenganisha

Ibara ya 20 ya Katiba inampa mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani, na ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Chini ya Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, mwandaaji wa maandamano hutoa taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo lake saa 48 kabla. Asipoitoa, mkusanyiko wake unaweza kuzuiwa; waliomo hawapotezi haki ya kuishi.

Kanuni ya Adhabu inayataja mkusanyiko usio halali, ghasia, kuvunja na kuiba, kuchoma majengo na kupokea mali ya wizi kuwa makosa tofauti, kila moja na adhabu yake. Kuchoma jengo kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha. Kusimama kando ya barabara ukitazama si kosa la namna hiyo. Askari anayeandika mashtaka ya jumla kwa watu mia moja aliowabeba kwenye gari moja anaidhoofisha kesi ya wale watano waliovunja duka kweli.

Kuhusu silaha, Misingi ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Nguvu na Silaha za Moto, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, iko wazi: risasi ya moto ni kwa ajili ya kuzuia kifo au jeraha kubwa lililo karibu kutokea, pale njia nyingine zinaposhindikana. Mtu anayekimbia na godoro mgongoni hatishii uhai wa mtu. Apigwe picha, afuatwe, akamatwe.

4. Maandalizi kabla ya siku

*4.1 Kamati ndogo ya kila soko na kila mtaa.* Iwe na watu wachache wanaofahamika: mwenyekiti wa soko, mwenyekiti wa mtaa, polisi kata, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, mwakilishi wa walinzi, mwanamke mmoja wa wauza mazao, padri au mchungaji, na imamu. Mabalozi wa nyumba kumi wanawajua wakazi, lakini tangu vyama vingi virejee mwaka 1992 ni viongozi wa chama cha siasa. Ghasia zikiwa za kisiasa, sauti ya balozi haitasikika kwa wote. Ndiyo maana kamati inahitaji watu wanaosikilizwa na pande zote.

Polisi jamii na ulinzi shirikishi vimekuwepo nchini kwa miaka mingi, na Moshi ina bahati ya kuwa na Shule ya Polisi Tanzania. Kamati za Mbuyuni, Kiboriloni, Manyema na Soko Kuu ziombe kwa maandishi kupitia mkuu wa polisi wa wilaya zipatiwe mkufunzi wa siku moja. Mji unaofundisha askari wa nchi nzima hauna sababu ya kukosa mafunzo kwa walinzi wake wa soko.

*4.2 Orodha ya simu kwenye karatasi.* Makundi ya WhatsApp hayafai kitu intaneti ikizimwa, kama ilivyokuwa Oktoba 2025. Kila mjumbe awe na namba za watu kumi atakaowapigia au kuwatumia ujumbe mfupi, na kila mmoja wa hao awe na wake. Ujumbe uwe mfupi, uwe na saa na cheo cha aliyeutoa. Mfano:

"MBUYUNI, saa 5:20 asubuhi. Stendi Kuu imefungwa. Funga, ondoka kwa utulivu. Magari ya Marangu na Rombo yanapakilia Kiboriloni. Usisambaze ujumbe usio na saa. Mwenyekiti wa soko."

Namba za dharura zibandikwe ukutani: 112 polisi, 114 zimamoto.

*4.3 Njia za kutokea.* Kamati itembee soko lote na kuandika milango inayofunguka, ile iliyozibwa na meza, mahali penye mitungi ya gesi na mahali petroli inapouzwa kwa chupa. Moshi inajua gharama ya njia finyu: Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Majengo, wakikimbilia kupita sehemu moja kwenye mkutano wa ibada. Hapakuwa na ghasia wala bomu la machozi. Mwaka 2022, katika uwanja wa Kanjuruhan nchini Indonesia, polisi walirusha mabomu ya machozi ndani ya uwanja; watu wakakimbilia milangoni, na waliokufa wakafika 135. Meza iliyoziba njia ya dharura iondolewe leo, hata kama mwenyewe analipa ushuru kila siku.

*4.4 Mali na kumbukumbu.* Mwenye duka awe na orodha ya bidhaa, picha za rafu na nakala za risiti, zikiwa nje ya duka. Fedha taslimu zisilale dukani. Wakala apunguze salio la mkononi siku zenye dalili ya vurugu. Bima isomwe mstari kwa mstari, kwa kuwa bima nyingi za moto hazilipi hasara ya ghasia mpaka mteja awe ameongeza kipengele hicho. Aliye na mtaji mdogo asiweke bidhaa zote mahali pamoja.

*4.5 Maagizo kwa mlinzi na mfanyakazi.* Mwajiri aandike, na asome kwa sauti mbele yao, kwamba mlinzi hatakiwi kufa kwa ajili ya bidhaa. Umati ukizidi, apige simu, aondoke, akumbuke sura. Kampuni za utalii zina jukumu la ziada: wapagazi walio mlimani kwa siku sita au saba hawajui kinachotokea mjini. Kabla hawajafika geti la Mweka au Marangu, wapelekewe habari kupitia waongozaji wao, na gari la kuwapeleka makwao liwe tayari hata kama njia ya mjini imefungwa.

5. Siku yenyewe: kazi ya polisi

Hatua ya kwanza ni kuzungumza. Ofisa mwenye mamlaka ya kuamua ajitokeze mapema, ajitaje, asikilize dai na aseme lini litajibiwa na nani. Kama kuna kifo au mtu aliyepotea mikononi mwa polisi, maelezo yatolewe kwa familia kabla ya jua kuzama.

Hatua ya pili ni tangazo. Sheria inatambua amri ya kutawanyika inayotolewa kabla ya nguvu kutumika. Isemwe kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili chepesi, na irudiwe. Mfano:

"Ndugu wananchi, hapa ni polisi. Mkusanyiko huu umeamriwa kutawanyika. Barabara ya Boma iko wazi, ondokeni kwa kutembea. Wenye watoto na wazee watangulie. Mna dakika kumi na tano."

Tangazo lisilotaja njia ya kutokea halina maana. Umati uliozungukwa pande zote haulegei, unakaza.

Hatua ya tatu ni kupima nguvu. Bomu la machozi lisirushwe ndani ya soko lililofunikwa, stendi yenye magari yenye abiria, shule, nyumba ya ibada wala karibu na hospitali. Virungu vitumike kwa anayeshambulia, si kwa aliyeanguka. Risasi ya moto isipigwe hewani mjini. Risasi iliyokwenda juu hurudi chini, na mjini haikosi paa wala mtu. Kila askari avae namba yake ionekane, na kila risasi iliyotoka iandikwe jina la aliyepiga, mahali, saa na sababu.

Hatua ya nne ni kulinda vitu vinavyowahusu wote: barabara ya kwenda hospitali ya KCMC na ile ya Hospitali ya Mawenzi, vituo vya mafuta, maghala ya chakula, minara ya simu na mitambo ya maji. Gari la wagonjwa na la zimamoto lisizuiwe na kizuizi cha upande wowote. Kikosi kidogo cha upelelezi kibaki pembeni kikipiga picha za wanaovunja maduka. Kumkamata mporaji kwa ushahidi kesho kutwa kuna faida kuliko kumfukuza leo katikati ya watu mia mbili.

6. Siku yenyewe: kazi ya jamii

Soko lifunge mapema na kwa utaratibu: wenye watoto na waliotoka mbali kwanza. Wanawake wa Uru, Kibosho na Old Moshi waliokuja na ndizi na maparachichi hawawezi kurudi na mzigo mzima. Kamati iwatengenezee chumba kimoja chenye kufuli na orodha ya mzigo wa kila mmoja, ili mtu asibaki mjini kwa kuhofia mikungu yake mitatu. Wenye Hiace wasipandishe nauli siku hiyo. Kiongozi wa kituo atangaze bei na aisimamie.

Bodaboda wanajua njia kuliko mtu yeyote. Wapewe kazi ya kuwatoa wagonjwa, wajawazito na wanafunzi, wavae vizibao vinavyotambulika, na polisi wajulishwe namba za pikipiki zao. Vijana wasiokuwa na kazi ya kufanya siku hiyo ndio wa kwanza kuvutwa na kelele. Aliyekabidhiwa jukumu na mtaa wake ana sababu ya kubaki upande wa mtaa.

Mzazi ahesabu watoto wake. Mtoto aliyekutwa kwenye vurugu akabidhiwe kwa mzazi au ashughulikiwe kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, asichanganywe na watu wazima mahabusu. Video isisambazwe kabla ya kujulikana ni ya wapi na ya lini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu pia anayesambaza uongo, na picha ya sura ya kijana mtandaoni inaweza kumuua kabla mahakama haijamsikia.

7. Mporaji akikamatwa

Mwananchi ana haki ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake. Ana wajibu pia wa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga, kumvua nguo au kumvika tairi ni kosa la jinai, na akifa, waliompiga wanaweza kushtakiwa kwa mauaji. Habari za "wananchi wenye hasira kali" zimekuwa nyingi mno nchini. Soko lisiongeze nyingine.

Fanya hivi. Mkalishe mahali salama, mbali na umati. Watu wawili waandike majina yao kama mashahidi, saa, mahali na vitu alivyokutwa navyo. Vitu vipigwe picha kabla havijaguswa. Polisi anayempokea aeleze anampeleka kituo gani. Aliyekamatwa aambiwe kosa lake, aruhusiwe kuwasiliana na ndugu au wakili, na afikishwe mahakamani katika muda wa sheria. Familia isiyojua mtoto wake yuko kituo gani itaamini uvumi wowote.

8. Baada ya moshi kutulia

*Majeruhi.* Matibabu ya dharura yasisubiri karatasi. Fomu ya polisi namba 3, PF3, ifuatwe mara hali ikiruhusu. Hospitali itunze kumbukumbu za kila jeraha, la raia na la askari.

*Mali iliyoibwa.* Siku chache baada ya uporaji, televisheni na magunia ya mchele huweza kuanza kuuzwa kwa bei ya kutupa mitaa ya Pasua, Majengo na hata vijijini juu. Anayenunua anajua. Sheria inamhesabu kuwa mhalifu, na soko linamhesabu kuwa adui wa jirani yake. Kamati ipange mahali na siku ya kurudisha mali, ikikubaliana na polisi namna ya kuwapokea wanaorudisha kwa hiari. Mzazi aliyeona kitu kigeni chini ya kitanda cha kijana wake asikifunike kwa kanga: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

*Waliotoweka na waliokufa.* Polisi watoe orodha ya waliokamatwa na vituo walipo, na hospitali zitoe nafasi ya kutambua miili. Familia ipewe mwili bila masharti. Uchagga mtu huzikwa kwao, na maiti isiyopatikana huacha kidonda ambacho hakuna hotuba itakayokifunga.

*Malalamiko.* Aliyeumizwa na askari au na raia aandike tukio lake mapema akiwa bado analikumbuka, na kulipeleka polisi, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Askari waliojeruhiwa nao wanastahili kusikilizwa. Wengi ni vijana waliopewa amri wasizozitunga.

*Kikao.* Katika wiki mbili za kwanza, mkuu wa polisi wa wilaya na kamati za masoko wakutane hadharani. Mambo matatu yajibiwe: nini kilisababisha, nani alikosea, nini kitabadilika. Majibu yaandikwe na kubandikwa sokoni. Kikao cha kulaumu vijana na kutoa shukrani kwa viongozi hakihesabiwi.

9. Wito

Ghasia hazizuiwi na kamati peke yake. Ajira, haki katika uchaguzi, bei ya mazao na uaminifu wa polisi ndivyo vinavyoamua kama jiwe litaokotwa. Hata hivyo, jiwe likishaokotwa, idadi ya makaburi inategemea maamuzi ya watu wachache katika saa chache: ofisa aliyezungumza au aliyenyamaza, mlango wa soko uliofunguliwa au uliofungwa, kijana aliyekabidhiwa polisi au aliyeuawa.

Mwenyekiti wa soko unayesoma mwongozo huu, itisha kikao cha kwanza mwezi huu, wakati mji umetulia. Anza na orodha ya simu, kisha zungukia milango. Duka lililoporwa hujengwa upya; aliyekufa harudi, na sheria, mila na dini zote za mlimani zinakubaliana juu ya hilo.